Itongo, Mzimu na Wazimu: Mbinu za Hadithi Fupi za Kigothi Zikisomwa kutoka Mara

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha mbinu tatu za kisanaa zinazotumika katika hadithi fupi za Kigothi za Ulaya na Marekani, yaani gofu kama mandhari, msimulizi anayetiliwa shaka, na ujio wa mfu. Ulinganishi huo unafanywa kwa kuzisoma hadithi hizo kutoka Butiama, Bunda na Musoma, mkoani Mara, mahali ambapo magofu yana jina lake na historia yake. Hoja inayotetewa ni kwamba hofu ya Kigothi ina chimbuko katika kukatika kwa ukoo kuliko katika kurudi kwa mfu, na kwamba historia ya matongo ya Mara pamoja na familia ya maneno yenye mzizi -zimu vinaidhihirisha hoja hiyo kuliko istilahi zilizozoeleka katika uhakiki. Sehemu ya mwisho inaitazama riwaya ya Euphrase Kezilahabi kama mahali ambapo itongo limeanza kutisha katika fasihi ya Kiswahili yenyewe.

Jina la Mwitongo

Kaburi la Julius Kambarage Nyerere, aliyezikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, lipo mahali panapoitwa Mwitongo. Kwa msikilizaji wa Kiswahili cha mjini jina hilo ni jina tu. Kwa mzungumzaji wa Kizanaki, na kwa wazungumzaji wa lugha nyingi za Kibantu za eneo la Maziwa Makuu, lina maana iliyo wazi: ni umbo la mahali linalotokana na itongo, yaani mahali palipokuwa na mji wa ukoo fulani na ambapo wenyewe wamekwisha kuhama au kufa. Kiswahili kina maneno ya karibu. Mahame hutokana na kitenzi hama na huweka mkazo kwenye tendo la kuondoka. Gofu huweka mkazo kwenye kilichobaki cha jengo: ukuta, nguzo, tundu la dirisha. Ganjo huweka mkazo kwenye upweke wa mahali penyewe. Itongo halifanani sawasawa na lolote kati ya hayo, kwa sababu ndani yake mna dai. Itongo ni la mtu. Hata likiota miti, likapoteza zizi na mafiga, huendelea kuitwa kwa jina la aliyelikaa, na wajukuu wake huweza kuonyesha makaburi yalipo.

Tofauti hiyo ya kimsamiati inaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, ndiyo inayowatenga wasomaji wa aina mbili mbele ya hadithi ileile. Msomaji aliyelelewa na neno gofu na msomaji aliyelelewa na neno itongo hawataogopa kitu kimoja pale mwandishi atakapowapeleka mbele ya nyumba iliyobomoka.

Magofu mawili, historia mbili

Fasihi ya Kigothi ilianza na jengo. Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwishoni mwa mwaka 1764, na katika toleo la pili la mwaka 1765 akaiita hadithi ya Kigothi. Katika dibaji ya toleo hilo alimtaja Shakespeare kuwa kielelezo chake. Tangu hapo ngome, kasri na nyumba za watawa zilizoachwa zikawa mandhari ya lazima. Wahakiki wameeleza mara nyingi kwamba mandhari hayo hayakutoka hewani. Kati ya mwaka 1536 na 1541 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa wa Kikatoliki nchini Uingereza, mali zao zikachukuliwa, na kuta zake zikaachwa zisimame bila paa katika mashamba ya watu wengine. Waingereza wa karne ya 18 walikulia miongoni mwa magofu ambayo babu zao waliyasababisha. Gofu la Kigothi, kwa hiyo, ni jengo la mtu aliyenyang'anywa, na anayeliogopa ni mrithi wa mnyang'anyi.

Matongo ya Mara yana chimbuko tofauti. Kuhama kulikuwa sehemu ya maisha ya kawaida ya wakulima na wafugaji wa eneo hilo: udongo ulipochoka, au mifugo ilipozidi malisho, mji ulihamishwa, na itongo likabaki kuwa kumbukumbu ya njia iliyopitwa. Kisha, katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, zilifuatana sotoka iliyoua ng'ombe, ndui, njaa na uvamizi wa Wamasai, na sehemu kubwa za nyanda za mashariki zikabaki bila wakazi. Historia za Mara Kusini zilizoandikwa kwa Kiswahili na wazee wa huko, ambazo mwanahistoria Jan Bender Shetler alizihariri na kuzitoa mwaka 2003 katika kitabu Telling Our Own Stories, zimejaa majina ya mahali pa aina hiyo. Msomaji asiyejua eneo huweza kuzichoka kurasa hizo, kwa maana ni mlima baada ya mlima na chemchemi baada ya chemchemi. Lakini orodha hiyo ndiyo historia yenyewe. Kutaja mahali ni kusema nani alikaa pale na nani ana haki ya kurudi.

Wenyeji wa Ikizu na jirani zao, katika eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa lipo wilayani Bunda, huziita roho zinazofungamana na mahali pa namna hiyo emisambwa. Ni roho za watu wa kale, aghalabu waanzilishi, wenye makao katika miamba, miti, mapango na vyanzo vya maji. Katika simulizi za Ikizu, Nyakinywa, mleta mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukumani, ni mwanzilishi wa namna hiyo. Kinachohitajika kwa msambwa ni kuendewa: watu wa ukoo wake waje, walete kinachostahili, waombe mvua au uzazi. Anayestahili kuogopa ni mgeni aingiaye bila idhini, au mtoto wa ukoo aliyesahau.

Nyumba ya Usher

Kwa mtazamo huo, hadithi ya Edgar Allan Poe The Fall of the House of Usher, iliyochapishwa mwaka 1839, husomeka upya. Muhtasari wake unafahamika. Msimulizi asiyetajwa jina anamtembelea rafiki yake wa utotoni, Roderick Usher, anayeishi na dada yake pacha, Madeline, katika nyumba ya kale kando ya ziwa dogo la maji meusi. Madeline anadhaniwa amekufa, anahifadhiwa katika chumba cha chini, kisha anatoka akiwa hai na kumwangukia ndugu yake. Wote wawili wanakufa, na nyumba inapasuka na kumezwa na maji.

Vitabu vya kiada huorodhesha mbinu za hadithi hii kwa namna moja: mandhari ya giza, taharuki, ishara ya ufa katika ukuta, upacha. Orodha hiyo ni sahihi na haifiki mbali. Jambo ambalo Poe analiweka mapema, karibu kama maelezo ya pembeni, ni kwamba ukoo wa Usher haukuwahi kupata tawi la kudumu. Ulirithishana kutoka baba hadi mwana katika mstari mmoja mwembamba, hata wanakijiji wakalitumia jina moja kwa nyumba na kwa familia. Roderick na Madeline hawana watoto, na wao ni wa mwisho. Roderick mwenyewe anaamini kwamba mawe ya nyumba, kuvu iliyoyafunika na maji ya ziwa vina fahamu, na kwamba fahamu hiyo ndiyo iliyotawala hatima ya wazazi wake.

Msimulizi anaichukulia imani hiyo kuwa dalili ya ugonjwa. Kwa msomaji wa Ikizu si ugonjwa: ni maelezo ya kawaida kuhusu mahali palipokaliwa na wahenga kwa muda mrefu. Mahali pana fahamu, na hakuna ajabu hapo. Ajabu, na hofu, inaanzia kwenye jambo ambalo msimulizi wa Poe analipita upesi: hakuna atakayebaki wa kuliita itongo lile kwa jina. Kuzama kwa nyumba ni hitimisho la kimantiki. Ardhi haiwezi kuwa itongo bila mtoto wa kuidai, na kwa hiyo Poe anaiondoa kabisa katika uso wa dunia.

Hapa ndipo mbinu ya upacha inapopata uzito. Wahakiki wa Kimagharibi wameueleza upacha wa Roderick na Madeline kama mgawanyiko wa nafsi moja, akili na mwili, na usomaji huo una nguvu zake. Lakini upacha pia ni njia ya kusema kwamba ukoo umejikunja ndani yake na hauna pa kwenda. Mbinu moja inabeba maana mbili, na ni historia ya msomaji inayochagua ipi itangulie.

Mzizi wa -zimu

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya fantasia, aliweka kiini cha kipera hiki katika kusita. Msomaji, na mara nyingi mhusika, husita kati ya maelezo mawili: ama tukio ni la kimuujiza, ama aliyelishuhudia ana hitilafu ya akili au amedanganyika. Kusita kukiisha, fantasia nayo imeisha. Nusu karne kabla yake, mwaka 1919, Sigmund Freud aliifikia hofu ya aina hiyo kwa njia ya kamusi: alionyesha kwamba neno la Kijerumani lenye maana ya kitu cha nyumbani na kilichositirika huteleza hadi likakutana na kinyume chake.

Njia ya kamusi ina mafanikio zaidi katika Kiswahili kuliko Freud alivyoweza kudhani. Mzizi mmoja wa Kibantu, -zimu, umezaa mzimu, roho ya mfu na pia mahali pa kutambikia. Kuzimu, makazi ya wafu. Na wazimu, kuharibika kwa akili. Zimwi, mla watu wa ngano, nalo lina ukaribu ulio dhahiri wa umbo na maana. Pande mbili ambazo Todorov anazitenganisha, mzuka kwa upande mmoja na maradhi ya akili kwa upande mwingine, katika Kiswahili ni mzizi mmoja katika ngeli mbili. Anayesema fulani hakuona mzimu, ana wazimu tu, amebadilisha ngeli na hajatoka katika mzizi.

Sintaksia inathibitisha ukaribu huo. Husemwa mtu amepandwa na wazimu, kama ilivyo kwa pepo, mori na hasira. Muundo ni wa kutendwa, na mtendaji hutoka nje ya mtu. Mzimu wenyewe uko katika ngeli ya m-/mi-, pamoja na mti, mlima na mto, ingawa wazungumzaji wengi huupa upatanisho wa viumbe hai katika usimulizi. Emisambwa ya Ikizu nayo inachukua kiambishi cha wingi cha namna hiyo. Sarufi pekee haithibitishi itikadi, na ni hatari kuilazimisha iseme mengi. Hata hivyo, inafaa kukumbuka kwamba mzimu wa Kibantu una makao miongoni mwa mahali na mimea, ilhali mzuka wa Kigothi ni mtu aliyepungukiwa na mwili.

Tofauti hii ina athari kubwa kwa mbinu ya msimulizi anayetiliwa shaka. Katika The Tell-Tale Heart ya mwaka 1843, Poe anampa nafasi ya kusimulia mtu aliyemuua mzee aliyekuwa akiishi naye na kuuficha mwili chini ya sakafu. Polisi wanapofika, anausikia moyo wa marehemu ukidunda hadi anakiri. Hadithi nzima ni utetezi: msimulizi anataka kuthibitisha kwamba yeye si mwendawazimu, na ushahidi wake ni jinsi alivyopanga kila kitu kwa utulivu. Kejeli ya Poe inategemea dhana kwamba wazimu ni ukosefu wa mpangilio, kisha inaonyesha mpangilio uliojaa wazimu. Kwa Kiswahili utetezi huo hauna mahali pa kusimama tangu mwanzo. Aliyepandwa huweza kupanga vizuri kabisa. Aliyempanda ndiye mpangaji.

Kuna ugumu mwingine katika hadithi hiyohiyo. Msimulizi anadai hakumchukia mzee na hakutaka mali yake. Kilichomsukuma ni jicho lake moja lililofifia, analolifananisha na la tai mla mizoga. Poe amekusudia sababu hiyo iwe utupu, ili msomaji atetemeke kwa kukosa sababu. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusikia habari za kijicho na jicho la husuda, anapewa sababu iliyo kamili. Muuaji anakuwa mtu aliyejikinga na madhara, labda kwa njia ya kupita kiasi. Tafsiri isiyolitambua hilo itahifadhi kila neno la Poe na kuipoteza hadithi.

Jicho la kitamaduni huonekana pia katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Maiti inakutwa penye mzimu, watu wanahofia mizimu, na Bwana Msa anaitafuta akili ya mwanadamu iliyo nyuma ya tukio. Mbinu ya kuanzisha muujiza kisha kuubatilisha kwa maelezo ya kawaida ilikwisha kutumiwa na Ann Radcliffe katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794. Ila Abdulla anaipata kwa njia ya Sherlock Holmes, na anapoubatilisha muujiza, mzimu wenyewe, kwa maana ya mahali, unabaki pale pale ulipokuwa.

Mlango usio na hodi

Mbinu ya tatu, ujio wa mfu, haina mfano ulio safi kuliko The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, iliyochapishwa mwaka 1902. Mzee White anapewa mkono mkavu wa nyani ulioletwa kutoka India na askari aliyetumikia huko. Una uwezo wa kutimiza maombi matatu. Anaomba pauni 200. Kesho yake anazipata, zikiwa fidia ya kijana wake, Herbert, aliyesagwa na mashine kiwandani. Baada ya siku kadhaa mama anamlazimisha mume aombe kijana arudi. Usiku mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo. Baba anaupapasa mkono gizani na kuomba ombi la tatu. Mlango unafunguliwa, na barabara ni tupu.

Nguvu ya tukio hilo inatoka katika kubisha. Kwa Mwingereza wa mwaka 1902, kubisha mlango ni tendo la kila mgeni, mpeleka barua au jirani. Jacobs ametumia sauti ya kawaida kupita zote na kuijaza kitu kisichotamkika. Mswahili, wa mwambao na wa bara, hubisha kwa sauti yake: husema hodi, akasubiri karibu. Mlango unaogongwa bila hodi, tena usiku, umekwisha kuwa tishio kabla ya hadithi kusema lolote. Mtafsiri anayeandika mlango uligongwa anaanza na hofu ambayo Jacobs alikusudia kuijenga taratibu. Akiandika hodi, amempa mfu sauti, na mama atakuwa amemtambua mwanawe. Hakuna njia ya katikati iliyo nyepesi.

Jambo zito zaidi ni uamuzi wa baba. Katika usomaji wa kawaida, ombi la tatu ni rehema: kijana aliyesagika asiingie ndani katika hali ile. Wazee wa White hawana mtoto mwingine. Jacobs anataja kwamba Herbert alikuwa wa pekee aliyesalia kwao. Baba anapomrudisha kaburini anaufunga mlango dhidi ya mwendelezo wake mwenyewe, na hapo hadithi ya Jacobs inakutana na ya Poe. Waandishi hao wawili hawafanani katika mtindo, mmoja akiwa mzito wa vivumishi na mwingine mwepesi wa mazungumzo. Wanafanana katika kuweka mwisho wa ukoo mahali ambapo msomaji anatazamia kumwona mzuka. Kwamba chombo cha maangamizi kilitoka koloni, na pesa zikatoka kiwandani, ni jambo linalostahili makala yake.

Mtoto wa jina la mvua

Mkoa wa Mara una mfano wa kihistoria wa ujio wa wafu usiokuwa na hofu. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwezi Aprili 1922 kwa Mtemi Burito na Mugaya wa Nyang'ombe aliitwa kwanza Mugendi, maana yake mwenda kwa miguu. Kwa ushauri wa mwaguzi jina lilibadilishwa likawa Kambarage, jina la roho ya mvua. Jina la baba yake, Nyerere, lilikuwa la viwavi waliovamia mashamba wakati wa kuzaliwa kwake. Katika mfumo huo wa majina asiyeonekana huingia nyumbani kupitia mtoto, na huingia kwa kuitwa. Ni muundo uleule wa hadithi ya Jacobs: wazazi, mtoto, mgeni kutoka upande wa pili. Kilichobadilika ni kwamba mlango uko wazi.

Kambarage huyohuyo, baada ya kusoma Mwisenge mjini Musoma kuanzia mwaka 1934 na kwenda Tabora, Makerere na Edinburgh, ndiye aliyelitafsiri igizo la Shakespeare lenye ishara za kutisha nyingi kuliko nafasi ya jukwaa: dhoruba, ndoto ya mke, mwaguzi anayeonya kuhusu tarehe, na mfu anayemtokea Brutus hemani kabla ya vita vya Philippi. Tafsiri ilitoka mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar, kisha ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari. Mabadiliko ya jina pekee yanaonyesha mtafsiri aliyerudi kazini kwake na kuiweka karibu zaidi na mfumo wa sauti wa Kiswahili. Walpole alijenga nyumba ya Kigothi akidai msingi wake ni Shakespeare. Wasomaji wengi wa Kiswahili wa miaka ya 1960 walikutana na msingi huo kwa Kiswahili, kwa mkono wa mtu wa Butiama, bila kupitia kwa Walpole wala Poe.

Mtafsiri wa Kiswahili anayekabiliwa na mfu aliyetokea ana maneno manne karibu yake, na kila moja lina gharama. Mzimu unaleta ukoo na tambiko. Mzuka unaleta kustukiza na kupotea. Pepo analeta mganga. Kivuli hakileti chochote kati ya hivyo, na pengine kwa sababu hiyo Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ililitumia pale wanafunzi wanapomwona Yesu akitembea juu ya maji na kumdhania kuwa mfu. Wavuvi wa Musoma, ambao hawahitaji kufafanuliwa ziwa lenye mawimbi usiku, walipewa neno lililokaushwa, lisilo na babu wala mahali. Uchaguzi huo unaeleweka kitheolojia. Ulifundisha pia vizazi vya wasomaji kwamba kilicho cha kuogopwa kinaweza kutajwa kwa neno lisilo na ukoo, na hilo kwa kweli ni somo la Kigothi.

Ng'ambo ya Kisorya

Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kivuko huvuka hadi Rugezi, kisiwani Ukerewe. Ng'ambo hiyo, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Kiutawala Ukerewe ni ya Mwanza, lakini ziwa halijali mipaka ya mikoa, na katika kazi za Kezilahabi historia ya matongo ya ukanda huu inachukua mkondo mpya.

Mkondo huo una tarehe. Mwezi Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote. Mara haikuachwa. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilikuwa imeanzishwa, na matongo na makao ya misambwa ya koo kadhaa yakabaki upande ambao wenyewe hawaruhusiwi kuingia. Shetler, katika Imagining Serengeti ya mwaka 2007, ameonyesha jinsi kumbukumbu ya mandhari ilivyopungua pale watu walipozuiwa kuyatembelea. Operesheni Vijiji ilizalisha matongo mapya kwa wingi ambao hata njaa za karne ya 19 hazikuufikia kwa muda mfupi vile, tena kwa amri ya kiongozi ambaye nyumba yake iko Mwitongo. Si rahisi kulisema hilo Butiama, na wahakiki wa fasihi ya Ujamaa hawajalikazia vya kutosha.

Kezilahabi aliliandika mara mbili, kwa mbinu mbili zisizofanana. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 inasimulia uhamishaji wa wanavijiji kwa uhalisia, ambamo nyumba iliyoachwa ni nyumba iliyoachwa na hasara yake inaweza kuhesabiwa. Nagona ya mwaka 1990 haina kijiji kinachoweza kutajwa kwenye ramani. Msafiri anapita katika ulimwengu ulio karibu kuwa mtupu, uliojaa masalia ya makazi na mafundisho, na wazimu unatolewa kama njia ya kuufikia ukweli. Wahakiki wameieleza Nagona kwa falsafa ya Nietzsche, kwa udhanaishi na kwa uhalisia ajabu. Maelezo hayo yana ushahidi wake katika matini. Yanachoacha ni kwamba mandhari yenyewe ni itongo lisilodaiwa na mtu yeyote: halina jina la ukoo, halina kaburi linalojulikana, na hakuna mjukuu wa kuonyesha mji ulipokuwa.

Kati ya riwaya hizo mbili na mwanzo wa safari hii ipo Kichwamaji, ya mwaka 1974. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza habari za mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi aliyezaliwa katika nyumba ya Manase, kisha yanayomfika Kazimoto mwenyewe hadi anajiua. Vifaa vyote vya Kigothi vimo: urithi wa maradhi, nyumba mbili zinazoakisiana, uzazi unaoishia kwenye kutisha, msimulizi ambaye msomaji hawezi kumwegemea. Mzimu haumo. Kezilahabi hakuuhitaji, kwa kuwa alikwisha kuushika mzizi kwa upande wake wa pili, na ukoo wa Kazimoto, kama ule wa Usher, unaishia ukurasa wa mwisho.